Karatasi Zenye Namba

Kila karatasi ya utafiti iliyotoka katika ofisi yetu ilikuwa na namba. Kwanza tarakimu za mwaka, kisha nukta, kisha nafasi ya karatasi hiyo katika mwaka huo: 73.1, 73.2, na kuendelea. Namba ilikaa kwenye jalada pamoja na jina la mwandishi na jina la ofisi, ambayo ni Ofisi ya Utafiti wa Uchumi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakuna aliyelitaja jina hilo refu. Wote tuliiita ERB. Niliingia hapo 1973 nikiwa mpiga chapa kijana, na nilikaa mpaka taipureta zikafunikwa vitambaa na kompyuta zikachukua meza zetu.

Waliozaliwa baadaye hawaijui stensili, kwa hiyo nieleze. Ni karatasi laini yenye nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipureta, na herufi zinakata nta moja kwa moja. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu, unangoja ikauke, unapiga tena juu yake kwa uangalifu. Kisha stensili inafungwa kwenye mashine ya kudurufu na mhudumu anazungusha mkono mpaka nakala zote zitoke. Kwa kazi ya namna hiyo huwezi kupiga chapa huku mawazo yako yako sokoni. Unasoma kila tarakimu. Ndivyo nilivyojifunza uchumi, mstari kwa mstari, bila kukaa darasani.

Nakumbuka jedwali moja la bei za kahawa. Mstari ulikwenda taratibu mwaka hadi mwaka, halafu 1976 na 1977 ukaruka. Nilidhani mtafiti amekosea kuandika, nikamfuata na karatasi yake. Akaketi kunieleza. Julai 1975, alisema, jalidi ilianguka katika jimbo la Paraná huko Brazil na kuua mibuni mingi mno. Dunia ikakosa kahawa, bei ikapaa, na Kilimanjaro na Bukoba wakajikuta na zao la thamani ambayo hawakuitafuta wala kuitegemea. Baridi ya bara jingine ilikuwa imeingia kwenye bajeti yetu. Siku hizi vyuo vingi duniani vina vituo vya kusoma utandawazi. Sisi hatukuwa na jina hilo mlangoni, lakini kazi ilikuwa hiyo.

Mlimani, kampasi ya Chuo, yenyewe ilikuwa bado changa. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake. Kilihamia Mlimani 1964, na Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu kinachojitegemea. Nilipofika, majengo yalinukia rangi na watu walibishana kila mahali. Walter Rodney alikuwa bado anafundisha historia. Kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilikuwa kimetoka 1972, London na hapa kwetu, na hapa kilichapishwa na Tanzania Publishing House iliyoongozwa na Walter Bgoya. Justinian Rweyemamu alitoa chake juu ya viwanda vya Tanzania 1973. Kabla sijafika, wanafunzi walikuwa na jarida lao, Cheche, ambalo mwaka 1970 lilibeba makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini, na kabla ya mwaka huo kwisha likapigwa marufuku. Nakala zake bado zilisomwa kwa kuazimana.

Idi Amin alipoifanya Uganda isikalike, wasomi wake walikuja kwetu: Mahmood Mamdani, Dan Nabudere, Yash Tandon. Basi mjadala ukapamba moto. Shivji alisema ndani ya nchi kama yetu kuna tabaka la wakubwa wa serikali na mashirika linalotawala kwa maslahi yake. Nabudere akapinga vikali, akasema anayetawala kweli ni mtaji wa fedha wa mabeberu, na hawa wa hapa hawana mamlaka yao wenyewe. Waliandika, wakajibiana, wakaandika tena, na 1982 Tandon akayakusanya majibizano hayo kuwa kitabu. Sisi makarani, madereva na wahudumu wa maktaba tulikwenda kusikiliza baada ya kazi. Tulisimama nyuma, na hakuna aliyetuuliza tumefuata nini. Wote tuliitana ndugu, na neno hilo lilikuwa na uzito.

Hayo yanajulikana, na yamesimuliwa vizuri na waliokuwa jukwaani. Nisichokisikia kikisimuliwa ni namna tarakimu zilivyopatikana. Mjadala ulisimama juu ya majedwali, na majedwali yalisimama juu ya watu waliotembea. Wadadisi ndio waliokwenda vijijini na madodoso. Walikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne au wanafunzi wa likizo, wakilala kwenye madarasa ya shule za msingi, wakipima mashamba kwa hatua, wakihesabu magunia, wakiandika kwa penseli kwa sababu wino huchuruzika mvua ikinyesha. Madereva wetu walijua barabara ipi hupitika Machi na ipi haipitiki. Dereva mmoja alikuwa na desturi ya kuuliza bei ya chumvi kila kituo alichosimama, tangu Chalinze mpaka Mwanza, na kuziandika katika daftari lake. Watafiti wawili niliowafahamu waliliomba daftari lile. Jina lake halimo katika karatasi yoyote niliyoipiga.

Mimi mwenyewe nilichukuliwa safari moja kwenda Shinyanga, kwa kuwa Kisukuma ndiyo lugha yangu ya kwanza na mtafiti alihitaji mkalimani. Nadhani ni 1978. Vyama vya ushirika vilikuwa vimevunjwa miaka miwili kabla, 1976, na mamlaka ya pamba ya serikali ndiyo iliyokuwa ikinunua. Vijiji vilikuwa vya Operesheni, ile ya kuwahamishia watu vijijini, nyumba zimepangwa kwa mistari, na mashamba mengi yamebaki kule watu walikotolewa. Tulifika kwa mzee mmoja aliyekuwa anachagua pamba yake barazani. Ile nyeupe kavu aliweka upande wa safi, ile yenye madoa au iliyoliwa na wadudu upande wa fifi. Familia nzima ilishiriki. Nikamwamkia, mwangaluka baba, akatupa viti, na mtafiti akaanza dodoso lake.

Walipofika kwenye bei, mzee aligeuza mazungumzo. Akataka kujua yeye nani anampangia bei. Mtafiti alikuwa mtu mkweli, hakumpa jibu la mkato. Akamweleza, nami nikitafsiri, kwamba serikali hutangaza bei kabla ya kupanda. Kwamba pamba ikishachambuliwa kwenye jineri huuzwa kwa bei inayofuata soko la Liverpool. Kwamba kati ya Liverpool na baraza ile kuna meli, bandari, reli, jineri, ushuru, mishahara ya mamlaka na gharama za ofisi zake, na kwamba kila mmoja huchukua chake kwanza.

Mzee akanyamaza, halafu akaniambia, "Mwanangu, mwambie nimeelewa. Kinachobaki ndicho changu."

Mtafiti aliliandika jibu hilo pembeni ya dodoso. Baadaye, tulipopiga hesabu za mazao ya biashara kwa miaka ya 1970, picha ilikuwa hiyohiyo: sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ilikuwa inapungua. Soko la dunia lilikuwa linatuonea, hilo lilionekana katika majedwali yetu yote. Bei za matrekta na mafuta zilipanda haraka kuliko bei za katani na pamba, na Mwalimu Nyerere alilisema hilo kwa mfano wa katani na trekta kila alipopata jukwaa la kimataifa. Lakini pengo lingine lilikuwa hapa nyumbani, ndani ya mashirika yetu, na ongezeko la gharama zao halikuletwa na mgeni yeyote. Watafiti waliotoka kwenye mjadala wa ubeberu na kuingia kwenye majedwali hayo walipata taabu ya kweli. Nilikuwa nawaona. Walikuwa wanaipenda siasa ya nchi yao. Walizipeleka karatasi wizarani na maktaba zikiwa na namba zake, na yeyote aliyetaka angeweza kuzisoma. Naheshimu sana hilo mpaka leo.

Kisha ikaja ile miaka migumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa 1977. Vita vya Kagera vilianza 1978, mafuta yakapanda tena 1979, fedha za kigeni zikaisha. Wataalamu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, walikuja na masharti yao: shilingi ishushwe thamani, mishahara isimame, udhibiti wa bei ulegezwe. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliona tufikie makubaliano nao. Rais alikataa, na Desemba 1979 Mtei akajiuzulu. Siku ya mwaka mpya 1980, mbele ya mabalozi, Mwalimu aliuliza tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Hotuba ile ilisikika mpaka kwenye foleni. Nilikuwa ndani ya foleni ya sabuni nilipoijadili na watu nisiowajua, na wote walikuwa upande wake.

Lakini foleni hazikupungua. Sukari, mafuta ya kula, dawa ya meno, kanga, betri za redio, vyote vilipatikana kwa kujuana au kwa ulanguzi. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu walitupa bidhaa usiku wasikutwe nazo. Yeye alifariki katika ajali ya gari Aprili 1984 karibu na Morogoro, na nilimlilia kama walivyomlilia wengi. Ofisini stensili zilihesabiwa moja moja. Karatasi zilitumika pande zote mbili. Mishahara ya walimu ilikuwa hainunui tena chakula cha mwezi, na msitu nyuma ya nyumba za Chuo ukageuka mashamba ya migomba na mahindi. Mtu mwenye shahada ya uzamivu alifuga kuku wa mayai, akayauza trei kwa trei kwa walimu wenzake. Wengine waliendesha pikapu zao Ubungo na Manzese kubeba abiria jioni. Wengine waliondoka kwenda Botswana, Lesotho au Uswazi, na kila aliyeondoka aliniachia hati yake mezani ili nimalizie na kuituma.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijakiona kikiandikwa kama kilivyokuwa. Watu wanasema Mlimani iligawanyika, upande mmoja wazalendo na upande mwingine waliouza nchi kwa IMF. Mimi niliwapigia chapa wote. Waliosema shilingi ishushwe walikuwa wanakwenda Kariakoo na Manzese Jumamosi na orodha ya bidhaa mkononi, wakiandika bei ya duka la serikali ambako bidhaa haipo, na bei ya nyuma ya duka ambako ipo. Jumatatu waliniletea safu mbili za tarakimu. Hoja yao ilikuwa kwamba wananchi tayari wanaishi kwenye bei ya pili, na bei ya kwanza inawanufaisha wachache wenye vibali. Waliopinga nao walikuwa na hesabu zao: dawa za hospitali, vipuri, mbolea, vyote vinanunuliwa kwa fedha za kigeni, na shilingi ikishuka vitapanda kuliko mshahara wa mtu yeyote, halafu pamba na kahawa zikiuzwa zaidi na nchi zote maskini kwa pamoja, bei zake zitaanguka huko duniani. Watu wa pande zote mbili walikuwa na njaa ileile. Walikula ugali na maharage kwenye meza moja, wakabishana, kisha wakapanda basi moja la UDA kwenda mjini.

Mwaka 1984 Idara ya Uchumi na ERB ziliitisha warsha ya sera za uchumi, na karatasi zake zikakusanywa na wachumi Lipumba, Msambichaka na Wangwe kuwa kitabu juu ya sera za kuutuliza uchumi wa Tanzania. Maandalizi yake yalitukesha. Ofisi ilinuka wino, vidole vyetu vilikuwa vyeusi, na watafiti wenyewe walipanga kurasa sakafuni na kubana kwa stepla. Serikali nayo ilikuwa imeanza kuelekea huko. Bajeti ya Juni mwaka huo ilikuwa imeshaondoa ruzuku ya sembe na kuruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa. Madukani vitu vikaanza kuonekana. Novemba 1985 Mzee Mwinyi akashika nchi. Mwaka 1986 dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa shilingi 17 ikawa shilingi 40, na Agosti makubaliano na IMF yakatiwa saini. Ile siku hakuna aliyeshangilia ofisini, hata wale waliokuwa wameitetea hoja hiyo kwa miaka. Mmoja wao aliniomba jedwali lake la bei za dawa, akakaa nalo mchana kutwa.

Wote walikuwa sahihi kwa sehemu. Bidhaa zilirudi. Mishahara haikurudi, na ada zikaingia shuleni na hospitalini. Sitaki kuamua ugomvi huo hapa. Umeamuliwa na kufunguliwa tena mara nyingi. Ninachotaka kusema ni kingine, nacho nilikiona kutoka kwenye kiti cha mpiga chapa.

Baada ya 1986 fedha za utafiti zilianza kuja kwa mlango mwingine. Wafadhili na mashirika ya nje walihitaji ripoti: ya kahawa, ya barabara, ya mikopo ya wanawake, ya sekta isiyo rasmi. Walilipa kwa dola. Mtu mwenye watoto wanne na mshahara usiofika tarehe kumi hawezi kulaumiwa kwa kukubali, na simlaumu hata mmoja. Baadhi ya kazi za wakati huo zilikuwa bora. Kitabu cha Maliyamkono na Bagachwa cha 1990 juu ya uchumi wa pili wa Tanzania kiliyaeleza maisha yetu yale ya kuku, pikapu na bei za nyuma ya duka kwa heshima na kwa hesabu. Lakini ripoti nyingi hazikuwa na namba. Hazikwenda maktaba. Zilifungwa kwenye bahasha, zikabebwa mpaka kwa aliyelipa, na nakala ya hapa ikawa ile iliyobaki kwenye diski, kama diski haikuharibika. Maswali pia yaliacha kutoka kwetu. Yalikuja yameandikwa tayari, kwenye hadidu za rejea, na mtafiti alijibu yaliyoulizwa.

Mjadala wa miaka ya 1970 ulikuwa na makosa yake, maneno makubwa mengi, na vijana waliotukana wenzao bila sababu. Hata hivyo mtu wa Makete au wa Dakar angeweza kuandika barua na kuomba 75.3, akatumiwa kwa posta, akasoma, akapinga. Kazi ya kuielewa dunia ilikuwa inafanyika hadharani, na tulimiliki maswali yetu. Hicho ndicho tulichopoteza, na kilipotea bila mkutano wowote kuitishwa.

Msimu wa 1994 na 1995 serikali iliruhusu wanunuzi binafsi kununua pamba. Kaka yangu, ambaye bado alilima kule nyumbani, alifurahi mwanzoni: alilipwa taslimu siku ileile, jambo ambalo hakuwa amelipata kwa miaka mingi. Alipokuja Dar es Salaam kwa matibabu alinieleza na mengine. Wanunuzi walikuwa wengi na kila mmoja aliharakisha kujaza lori. Hakuna aliyetazama tena kama pamba ni safi au fifi. Walichanganya. Wakulima walipoona hivyo wakaacha kuchagua, wengine wakatia maji na mchanga ili mizani ipande. Dawa ya wadudu, iliyokuwa ikitolewa kwa mkopo na kukatwa wakati wa mauzo, haikuwa na mtu wa kuikopesha, kwani mkulima angeweza kumwuzia mwingine.

Wakati huo nilikuwa ninapiga chapa ripoti ya mtafiti mmoja kuhusu soko la pamba, kazi aliyopewa na mfadhili wa nje. Nilimpa maneno ya kaka yangu. Akayachukulia kwa uzito. Alipiga simu Mwanza, akazungumza na watu wa jineri, akaandika aya tatu nzuri kuhusu madaraja ya pamba na mkopo wa dawa. Nilizipiga. Rasimu ikaenda, ikarudi na maelekezo kwamba sehemu hiyo iondolewe, kwa kuwa hadidu za rejea zilihusu ushindani wa wanunuzi na kasi ya malipo, na ubora haukuwamo. Niliziondoa kwenye kompyuta mtafiti akiwa amekaa pembeni yangu. Miaka michache baadaye pamba ya Tanzania ilikuwa imepoteza ile nyongeza ya bei iliyokuwa ikilipwa nje kwa sababu ya usafi wake.